Mzee na Njiwa Wake: Tumpe Nini?

Mama mmoja mkazi wa Tandika, hapa Dar es Salaam, ametuletea barua fupi yenye swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo. Mume wake anastaafu mwezi ujao baada ya kufanya kazi kiwandani kwa miaka 31. Watoto wamekwisha kuchanga fedha za zawadi, na tangu siku hiyo nyumba imegawanyika kambi mbili. Wakubwa wanataka baba ashonewe suti. Wadogo wanataka anunuliwe simu mpya. Mama mwenyewe hana imani na suti wala simu. Anasema kwamba mzee huyo akirudi kazini huwasalimu kwanza njiwa wake 14 walioko uani, ndipo akumbuke kuwa ndani mna watu, na kwamba suti hiyo hajui ataivaa aende wapi.

Tumeona vema kulijibu swali hili hadharani, kwa sababu mzee wa Tandika hayuko peke yake. Katika kila mtaa wa miji yetu yumo mwanamume wa namna hiyo. Huyu ana njiwa, yule ana mbwa, mwingine ana paka anayemngojea mlangoni kila magharibi. Tena ni watu wasiokiri mapenzi yao. Mwulize mwenye njiwa kwa nini anawafuga, atakujibu kuwa ni kitoweo. Lakini mwaka mzima hujaona hata njiwa mmoja akiingia chunguni. Mwenye mbwa atakwambia ni wa kulinda wezi, ilhali mbwa mwenyewe ni mzee, hasikii vizuri, na hulala fofofo tangu saa mbili za usiku. Wanaume wa kwetu wamelelewa hivyo. Huruma yao huitafutia kisingizio cha kazi.

Kwa hiyo ukimwuliza mtu kama huyo anataka zawadi gani, atasema hana haja ya kitu. Si unyenyekevu tu. Pengine kweli hana haja ya kitu chake mwenyewe. Haja yake iko bandani. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapochangishana kazini kwa ajili ya mwenzetu anayestaafu. Tunamnunulia saa kubwa ya ukutani, siku ileile ambayo kwa mara ya kwanza katika miaka 30 hahitaji kujua ni saa ngapi. Saa hiyo itapokelewa kwa makofi, itapigwa picha, na mwaka utakaofuata itakuwa imesimama kwenye saa nne kasorobo, hakuna aliyejali kuitia betri.

Hebu tumrudie mzee wa njiwa. Mtu akitaka kumpa zawadi ya busara hana budi kwanza kwenda kukaa naye uani jioni moja, atazame. Njiwa ni ndege wenye taratibu zao. Hukaa wawili wawili, dume na jike, na kwa kawaida hawaachani. Jike hutaga mayai mawili, nao huyaatamia kwa zamu kwa muda wa siku zipatazo 18. Makinda yakianguliwa, wazazi wote wawili huyalisha kwa uji mzito mweupe unaofanyika ndani ya koo zao. Halafu, kabla makinda hayo hayajaweza kuruka, mara nyingi jike huwa amekwisha kutaga tena. Ndiyo sababu jozi moja ya njiwa huhitaji vyumba viwili vya kutagia, si kimoja. Mwenye njiwa 14, ikiwa ni jozi saba, huhitaji vyumba 14. Hesabuni vyumba vilivyoko uani kwenu. Ikiwa ni vinane, mmekwisha kuipata zawadi ya kwanza, na fundi seremala wa mtaani ataimaliza kwa mbao chache na siku mbili za kazi. Upana wa sentimita 30 kila upande watosha kwa chumba kimoja. Mwambieni fundi aelekeze milango upande usiopigwa na mvua za upepo, na nguzo za banda azizungushie kipande cha bati laini kwa juu, ili paka na panya wakipanda wateleze. Mzee aliyewahi kuamka alfajiri akakuta manyoya matupu ataelewa mara moja thamani ya bati hilo.

Yako mengine ambayo hayafikii hata bei ya tai ya kuvalia suti. Njiwa hanywi maji kama kuku. Kuku huchota kidogo akainua kichwa. Njiwa hutumbukiza mdomo akavuta maji kama anayetumia mrija. Chombo chake basi hakina budi kuwa na kina, na kifunikwe juu kuacha matundu ya kuingiza kichwa tu, la sivyo atakisimamia ukingoni na kukichafua. Zaidi ya hayo njiwa hupenda kuoga. Karai pana lenye maji ya vidole vinne, likitolewa mara moja kwa juma wakati wa jua, ni furaha kwa ndege na kwa anayewatazama. Tena njiwa hana meno. Nafaka yake husagwa ndani ya firigisi kwa msaada wa vijiwe vidogo. Njiwa wa mjini, anayeishi juu ya saruji, hapati vijiwe hivyo kwa urahisi. Mfuko wa changarawe ndogo iliyochanganywa na maganda ya chaza yaliyopondwa, ukifungwa vizuri kwa kamba, unaweza kumfurahisha mzee kuliko mnavyodhani, kwa sababu utamwonyesha kuwa mmejisumbua kujifunza.

Ipo zawadi nyingine ya njiwa ambayo twaiweka mbele ya hizo zote, ingawa haina sura ya zawadi. Vumbi la kinyesi kikavu cha njiwa na la manyoya yao si jema kwa mapafu ya binadamu. Madaktari wanaujua ugonjwa wa mapafu unaowapata watu waliofuga njiwa kwa miaka mingi, na dalili zake ni kukohoa na kuishiwa pumzi. Katika nyumba nyingi kikohozi cha mzee huhesabiwa kuwa ni uzee, au ni sigara alizoacha zamani. Mnunulieni barakoa za kuziba pua na mdomo barabara, ufagio wenye mpini mrefu, na kopo la kunyunyizia maji ili banda lilowe kidogo kabla ya kufagiliwa. Na akiwa anakohoa tayari, apelekwe hospitali, tena amweleze daktari kuwa anafuga njiwa. Jambo hilo mgonjwa husahau kulitaja, na daktari asipoambiwa hawezi kulibuni.

Twaomba sasa tuseme na watoto wa mzee huyo, wale wa suti na wale wa simu. Mnajua kwa nini baba yenu hakwenda kwao kijijini sikukuu iliyopita? Huenda alisema nauli imepanda. Lakini mwulizeni mama. Wazee wengi wenye wanyama hawasafiri kwa sababu hawana wa kumwachia banda. Hata msiba ukitokea huenda kuzika na kurudi usiku uleule, ndugu wakashangaa, wakadhani ana kiburi cha mjini. Kijana mmoja wa nyumba hiyo akisimama mbele ya baba yake na kusema, "Baba, nenda ukae majuma mawili, njiwa niachie mimi," na akalitimiza neno hilo, atakuwa amempa zawadi isiyouzwa katika duka lolote la Kariakoo. Lakini ajifunze kwanza. Kwa mwezi mmoja aamke kabla ya baba, asafishe, ajaze maji, ahesabu ndege wanaporudi jioni. Ahadi ya mtu asiyejua kazi haitamfanya mzee apande basi.

Tukiyasema haya hatusahau kwamba yapo malalamiko ya haki kutoka upande wa wake. Tumewahi kupokea barua za akina mama ambao waume zao hununua nyama ya mbwa wakati watoto wanakula maharage siku ya nne mfululizo. Mwanamume wa namna hiyo hatuna zawadi ya kumpendekezea. Anahitaji wazee wa ukoo wamkalishe kitako. Lakini hao ni wachache. Wengi wa wenye wanyama hujinyima wao wenyewe. Huacha soda ya mchana wakanunua mtama. Mke anayeona hivyo akamkebehi mumewe mbele ya wageni, akisema "huyo kaoa njiwa," anavunja kitu ambacho pengine hakijui. Mtu akistaafu hupoteza mengi kwa siku moja: kitambulisho cha mlangoni, wenzake wa zamu, jina la cheo. Asubuhi ya Jumatatu ya kwanza hakuna anayemngojea popote, isipokuwa hao ndege.

Sasa tuje kwa mbwa, ambako mambo si ya furaha peke yake.

Mtaani kwetu alikuwapo mlinzi mmoja mstaafu aliyekuwa na mbwa wa rangi ya mchanga, mpole, ambaye watoto wote walimjua. Mlinzi huyo alimpenda mbwa wake mno. Alimtengenezea ukanda wa ngozi wa shingoni wenye njumu za shaba, na siku za baridi alimfunika kwa koti lake la kazi. Alimpa kila kitu ila chanjo. Siku moja mbwa alipotea. Aliporudi baada ya majuma kadhaa alikuwa amebadilika, akitoa udenda na kujigonga ukutani, na kabla hajauawa alikuwa amemwuma mtoto wa jirani mkononi. Mtoto alipona, kwa sababu mama yake hakupaka pilipili wala mafuta ya taa bali aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, akamkimbiza hospitali siku ileile, akachomwa sindano zote bila kuruka hata moja. Gharama aliilipa mlinzi kutoka katika kiinua mgongo chake. Hakufuga tena, na mpaka alipohama alikuwa akipita mbele ya nyumba ile kwa kuinamisha uso.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka ulimwenguni, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na kwamba asilimia 99 ya maambukizo kwa binadamu hutokana na mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika. Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, mjini Paris mnamo Julai 1885, akapona, na tangu hapo elimu hiyo haijafichwa. Mbwa huchanjwa akitimiza umri wa miezi mitatu, na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Basi ukiwa na baba, mjomba au mume mpenda mbwa, zawadi ya maana kuliko ukanda wenye njumu ni siku moja ya kumsindikiza na mbwa wake kwa daktari wa mifugo. Lipia chanjo, pokea cheti, kitie katika bahasha safi pamoja na tarehe ya chanjo ijayo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika siku zinazoizunguka mara nyingi hufanyika kampeni za chanjo. Ulizeni ofisi ya mifugo iliyo karibu nanyi. Bahasha hiyo inamlinda mbwa, inamlinda mwenye mbwa asije akaingia katika aibu ya mlinzi yule, na inawalinda watoto wa majirani ambao hawakuombwa rai kama mbwa afugwe au asifugwe.

Ukiwa na fedha zaidi, mwulize daktari huyohuyo habari za kumhasi dume au kumfunga kizazi jike. Twaonya tu kwamba zawadi hii itangazwe kwa upole. Wapo wanaume ambao, wakisikia mbwa wao atahasiwa, huumia kana kwamba wametajwa wao.

Chakula cha mbwa pia kina hadaa zake. Watoto hupenda kumletea mbwa wa baba peremende na chokoleti siku ya sikukuu. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na vitunguu vivyo hivyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na huweza kumtoboa tumbo. Mfupa mkubwa wa ng'ombe, mbichi, ni salama zaidi, nao buchani hauna bei kubwa.

Kwa mwenye paka maneno yetu ni machache. Ukanda wa pwani una heshima ya zamani kwa mnyama huyu, na kila aliyepita madrasa amelisikia jina la Abu Huraira, sahaba aliyepewa lakabu hiyo kwa sababu ya kupenda kipaka chake. Mpe dagaa. Maziwa anayopewa kila siku kwa heshima humwendesha tumbo, maana paka wengi wakishakua hawayawezi. Lakini liko kosa moja ambalo huua. Dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na zaidi zile za kuogeshea ng'ombe, baadhi yake ni sumu kali kwa paka hata zikimgusa ngozi tu. Mtu mwema hununua chupa moja akidhani atawahudumia wanyama wote wa nyumba, na jioni anamkuta paka akitetemeka. Kama wataka kumzawadia mwenye paka dawa ya viroboto, iwe imeandikwa kuwa ni ya paka, na isiwe vinginevyo.

Mwenye kuku wake watano wa kienyeji, ambao naye amewapa majina, mpe chanjo ya mdondo, ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Iko chanjo ya tone moja la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo mpe pamoja na majirani zake wote siku moja. Ni gharama ndogo ikigawanywa.

Na kasuku? Kuna vijana wenye fedha ambao wakitaka kumfurahisha baba mwenye kupenda ndege humtafutia kasuku wa kijivu, yule aigaye maneno. Tungependa waache. Ndege huyo ameliwa na biashara misituni hata mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yakaamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini, na amri ikaanza kutumika Januari 2017. Zaidi ya hayo huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Mzee wa miaka 60 unayempa kasuku mchanga unampa wasiwasi wa nani atakayemrithi.

Zawadi ya namna yake ni picha. Wazazi wetu hupigwa picha arusini, wakiwa wamenyooka kama wanaosubiri kuhukumiwa. Ni nani aliyempiga picha mzee wa Tandika jioni, mtama mkononi, ndege wakimshukia mabegani? Simu za siku hizi zaweza kazi hiyo. Lakini isibaki ndani ya simu. Isafishwe, itiwe fremu, itundikwe sebuleni mahali pale ambapo saa ya kustaafu ingetundikwa. Mgeni akiuliza, mzee atakuwa na la kueleza, na mkewe atamsikia akieleza.

Limebaki swali moja ambalo mama wa Tandika hakuliuliza, lakini wengine wameliuliza kabla yake: afanyeje mtu ambaye mnyama wa mumewe au wa baba yake amekufa? Wengi hukimbilia kuleta mwingine kesho yake, wakidhani wanaziba pengo. Wasifanye hivyo. Mtu aliyemzika mbwa wa miaka 12 chini ya mwembe hahitaji kuletewa mgeni kabla udongo haujakauka, na mgeni huyo atachukiwa bila kosa lake. Akae. Atakapoanza mwenyewe kutaja kwamba jirani fulani ana mbwa mwenye mimba, au atakapoonekana ameosha sahani ya zamani na kuianika, hapo mnaweza kusema naye. Na akikubali, mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza majuma manane, mzee aende kumchagua mwenyewe, na tarehe ya chanjo ya miezi mitatu iandikwe kwenye kalenda siku hiyohiyo anapoingia nyumbani.